Alama ya Kidole Gumba Haitoshi Kuwa Idhini

Mnamo Juni 2023, taarifa ya uchunguzi ya runinga iliwaacha Wakenya vinywa wazi. Wazee wa mashambani, miongoni mwao wakazi wa Meru, walidaiwa kuahidiwa matibabu ya bure, wakapakiwa kwenye magari na kufikishwa hospitalini. Huko waliandikishwa, wakachukuliwa alama za vidole, na baadhi yao wakafanyiwa upasuaji ambao hawakuwa wameuomba. Gharama ikapelekwa kwa hazina ya bima ya afya ya wakati huo, NHIF. Muda si mrefu Waziri wa Afya wa siku hizo, Susan Nakhumicha, alisimamisha huduma za bima katika hospitali kadhaa, za Nairobi na za Meru, na kuwaweka kando baadhi ya maafisa wa hazina hiyo wakisubiri uchunguzi.

Mjadala uliofuata ulihusu pesa. Ni mamilioni mangapi yaliyoliwa? Nani alitia sahihi malipo? Wabunge waliita kamati, wahasibu wakaitwa na vitabu vyao. Hayo yalihitajika, kwa kuwa pesa hizo zilitoka mifukoni mwa walimu, mama mboga na makondakta. Hata hivyo, swali zito zaidi halikupata nafasi yake. Iliwezekanaje mzee mwenye akili timamu akatoka nyumbani kwake, akalala kwenye meza ya upasuaji, akashonwa nyuzi, bila kuelewa anafanyiwa nini na kwa nini?

Jibu langu ni kwamba iliwezekana kwa sababu njia ilikuwa imeshafunguliwa zamani. Walaghai hawakubuni jambo geni. Walitumia desturi iliyozoeleka katika hospitali zetu, nzuri na mbaya, za umma, za misheni na za kibinafsi: desturi ya kumtendea mgonjwa bila kumweleza, kisha kuhesabu alama ya kidole gumba kuwa amekubali. Ninasema hivi kwa uchungu, kwa kuwa ninawaheshimu wauguzi na madaktari wa eneo la Mlima Kenya mashariki, na najua wengi wao wanafanya kazi katika mazingira magumu. Lakini maadili ya utabibu hayaanzi kwenye kisu wala kwenye dawa. Yanaanza pale mhudumu anapomuuliza mwenye mwili, na kungoja jibu.

Jioni kabla ya upasuaji

Ingia wodi ya upasuaji jioni, kabla ya siku ya thieta. Muuguzi anapita akiwa na mafaili kwapani na kisahani cha wino mkononi. Fomu ya idhini ni karatasi moja ya Kiingereza. Jina la upasuaji limejazwa kwa mwandiko ambao hata muuguzi anausoma kwa kukisia. Ukingoni mwa kitanda ameketi nyanya wa Kiritiri, au wa Mikinduri, shuka limemfika kifuani.

“Shosho, weka kidole hapa.” Anaweka. “Na hapa tena.” Anaweka. Anapanguswa wino kwa pamba yenye spiriti, na muuguzi anasogea kitanda cha pili. Shughuli nzima imechukua muda mfupi kuliko ule wa kupima presha.

Sasa muulize nyanya huyo kesho atafanyiwa nini. Atakwambia, “Watanitengeneza mguu.” Atatengenezwa vipi, hajui. Atakaa siku ngapi bila kwenda shambani, hajui. Kama kulikuwa na njia nyingine isiyohitaji kisu, hakuna aliyemwambia. Kama angeweza kusema hapana na bado akapewa dawa ya maumivu na kutendewa kwa heshima, hilo ndilo hakuliwaza kabisa. Kwake yeye, ukishavishwa gauni la hospitali umekwisha kujitoa.

Muuguzi yule si mtu mbaya. Ana wagonjwa wengi, usiku unaingia, na kesho daktari atauliza faili ziko wapi. Ila kilichofanyika pale ni ukusanyaji wa alama, na alama hiyo inailinda hospitali kuliko inavyomlinda mgonjwa.

Sheria yetu haikukusudia hivyo. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 8, inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, njia za matibabu zilizopo, faida, hatari na gharama za kila njia, pamoja na haki yake ya kukataa. Inaongeza kwamba maelezo hayo, inapowezekana, yatolewe kwa lugha anayoielewa mgonjwa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma na kuandika. Kifungu cha 9 kinakataza huduma isiyo na idhini ya mtu aliyeelewa, isipokuwa katika hali zilizotajwa. Miaka minne kabla ya hapo, mwaka 2013, Wizara ya Afya ilikuwa imetoa Mkataba wa Haki za Wagonjwa unaompa mgonjwa hata haki ya kutafuta maoni ya daktari wa pili. Hatuna upungufu wa maandishi. Upungufu uko kati ya maandishi hayo na kitanda cha shosho.

Mfagiaji anapogeuzwa mkalimani

Suala la lugha lina uzito wa pekee Meru na Embu. Hospitali kubwa za eneo hili hupokea madaktari wanagenzi kutoka kila pembe ya nchi. Kijana aliyezaliwa Kisumu au Kilifi anapangiwa kazi Maua, na asubuhi ya kwanza anakutana na mzee wa Igembe ambaye Kiswahili chake ni cha soko la miraa, cha bei na salamu. Hapo hapo Embu, mgonjwa wa Mbeere na daktari kutoka Bungoma wanatazamana, kila mmoja akiwa na nia njema na hakuna anayemfikia mwenzake.

Mara nyingi suluhisho huwa yeyote aliye karibu. Anaitwa mfagiaji wa wodi, au askari wa lango, au mgonjwa wa kitanda jirani. Kama hakuna, anaitwa mjukuu wa darasa la saba aliyekuja kuleta uji. Huyo ndiye anayebebeshwa habari ya saratani ya mlango wa kizazi, au majibu ya kipimo cha virusi, au swali kuhusu maradhi ya sehemu za siri. Mtoto anaona haya kumuuliza bibi yake swali hilo, kwa hiyo analigeuza. Bibi naye anaona haya kulijibu mbele ya mtoto, kwa hiyo analipunguza. Daktari anaandika alichoambiwa, na tiba inajengwa juu ya maneno mawili yaliyopotoshwa kwa aibu.

Madhara ni mawili. Kwanza, tiba yenyewe inaweza kukosewa. Pili, siri imetoka. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa za kulindwa zaidi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilibatilisha agizo la serikali lililotaka majina ya watoto wa shule wanaoishi na virusi vya HIV yakusanywe. Kama mahakama iliikatalia serikali nzima kukusanya majina hayo, vipi tuone ni kawaida majibu yaleyale yapitie kinywani mwa askari wa lango ambaye jioni atapanda matatu moja na jirani za mgonjwa?

Kuna jambo jingine ambalo wanawake wa Meru na Embu wanalijua vizuri. Mama amelemewa na uchungu wa kuzaa, daktari ameona ni lazima apasuliwe, na anaambiwa, “Mpigie mzee wako aje atie sahihi.” Mzee yuko Isiolo na lori, au simu yake imezima, au yupo ila anasema ngoja kwanza tumuulize mama yangu. Saa zinakwenda. Sheria haimtaki mume. Mwanamke mtu mzima mwenye akili timamu ndiye mwenye idhini juu ya mwili wake. Kumshirikisha mume ni vizuri, mama akitaka, kwa kuwa kwetu maradhi ni jambo la nyumba nzima. Lakini kumshirikisha ni kitu kimoja, na kuuweka uhai wa mama na mtoto kwenye simu ya mtu asiyekuwepo ni kitu kingine. Hospitali inayofanya hivyo inajikinga na kesi kwa gharama ya mgonjwa.

Pesa zinapozungumza kabla ya daktari

Sasa tuna bima mpya. NHIF iliipisha Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, tarehe 1 Oktoba 2024, na kila mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 ya mapato yake. Chini ya viwango vya malipo vya SHA, kujifungua kwa njia ya kawaida hulipiwa shilingi 10,000 na kujifungua kwa upasuaji shilingi 30,000. Tofauti hiyo ina sababu zake, maana upasuaji unahitaji watu wengi na vifaa zaidi. Hata hivyo, tofauti yoyote ya malipo inaweka kishawishi mezani, na mgonjwa asiyeelezwa hana namna ya kukiona. Mnamo Agosti 2025, Waziri wa Afya Aden Duale alitangaza kusimamishwa kwa hospitali kadhaa kwa madai ya udanganyifu. Miongoni mwa mbinu alizozitaja ni uzazi wa kawaida kuandikwa kuwa wa upasuaji, na wagonjwa wa kutibiwa na kurudi nyumbani kuandikwa kuwa wamelazwa.

Dawa ambayo serikali imeiandikia ugonjwa huu ni teknolojia. Namba ya siri inayotumwa kwenye simu imeonekana haitoshi, kwa hiyo Wizara imeamua utambulisho ufanywe kwa alama za kibayolojia. Sina ugomvi na mashine. Inaweza kuzuia jina la marehemu kudai malipo, na ikifanya hivyo tutashukuru. Ila tusijidanganye kuhusu inachokithibitisha. Alama ya kidole inathibitisha kwamba mwenye mwili alikuwepo. Haithibitishi kwamba alielezwa, kwamba alielewa, wala kwamba alikuwa na nafasi ya kukataa. Wazee wa 2023 walikuwepo. Vidole vilikuwa vyao. Mashine nzuri kuliko zote ingewapitisha, na mpango ungekamilika bila kasoro yoyote kwenye kompyuta.

Ulimwengu umeona mambo haya kabla yetu. Kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume Weusi wapatao 600 katika eneo la Tuskegee, jimbo la Alabama, 399 kati yao wakiwa na kaswende. Waliambiwa wanatibiwa “damu mbaya”. Walipewa chakula, vipimo vya bure, na ahadi ya kugharimiwa mazishi. Penisilini ilipopatikana kwa wingi, hawakupewa. Kilichowavuta watu hao maskini ni neno lilelile lililowavuta wazee wetu: bure. Palipo na umaskini, neno hilo lina nguvu ya kuzima maswali yote, na ndiyo maana mhudumu mwenye maadili ana wajibu wa kuyauliza maswali hayo kwa niaba ya mgonjwa asiyethubutu.

Historia yetu ilishatufundisha

Hatuhitaji kuvuka bahari kutafuta somo. Mteremko huu wa mashariki wa Mlima Kenya una mifano miwili, mmoja wa amri na mmoja wa maelezo.

Mwaka 1956, katikati ya hali ya hatari, baraza la wazee la Njuri Ncheke, likiungwa mkono na utawala wa kikoloni, lilipiga marufuku ukeketaji wa wasichana Meru. Lengo lilikuwa zuri. Ukeketaji ni ukatili, na sheria ya mwaka 2011 imeufanya kuwa kosa la jinai nchini kote, kama inavyostahili. Lakini amri ya 1956 ilishuka kutoka juu. Wasichana wenyewe hawakuulizwa, na mama zao hawakuelezwa jambo lolote la kuwashawishi. Matokeo yalikuwa ya kusikitisha: wasichana walinunua nyembe madukani wakakeketana wenyewe kwa wenyewe, wakaitwa Ngaitana. Katika miaka mitatu iliyofuata, zaidi ya watu 2,400 walifikishwa mbele ya mahakama za Waafrika kwa kuvunja amri hiyo. Faini zilitozwa, nyumba zikavamiwa, na mila ikaendelea gizani, tena kwa hatari zaidi.

Miongo michache baadaye, kusini kidogo ya hapo, hospitali ya Chogoria ilitembea njia nyingine. Chogoria, ambayo leo iko Tharaka Nithi kwenye barabara inayounganisha Meru na Embu, ilianzishwa mwaka 1922 na daktari wa misheni ya Scotland, Archibald Irvine. Katika miaka ya 1970 na 1980 ilipanua zahanati zake vijijini na kuwafunza watu wa vijiji hivyohivyo kwenda nyumba kwa nyumba wakieleza uzazi wa mpango. Hili nalo lilikuwa jambo zito, la siri, lenye kugusa imani, mila na mamlaka ya mume. Wakati huo mwanamke wa Kenya alikuwa akizaa kwa wastani watoto wapatao wanane. Wahudumu wale walikaa jikoni na akina mama, wakazungumza Kimeru chao, wakajibu maswali, wakaondoka, wakarudi tena. Utafiti wa mwaka 1985 ulikuta kiwango cha wanandoa waliokuwa wakipanga uzazi Chogoria kilikuwa zaidi ya mara mbili ya wastani wa taifa.

Watu ni walewale, mlima ni uleule, na jambo lenyewe linahusu miili ya wanawake katika mifano yote miwili. Mahali walipoamriwa, walikaidi hata kwa kujiumiza. Mahali walipoelezwa na kuachiwa uamuzi, waliamua, na wengi wakaamua vizuri. Sioni ushahidi bora kuliko huo kwamba kumweleza mgonjwa ni tiba yenyewe, na wala si adabu ya ziada inayoongezwa muda ukibaki.

Kwa wanaosema muda hautoshi

Najua madaktari na wauguzi watanijibu nini, na jibu lao lina haki. Watasema: njoo uone foleni ya Jumatatu. Watakumbusha mgomo wa siku 100 ulioanza Desemba 2016 na kumalizika Machi 2017, na ule wa siku 56 wa mwaka 2024, yote ikidai mikataba iliyotiwa sahihi na kupuuzwa. Watakumbusha kwamba serikali ilitaka kushusha malipo ya madaktari wanagenzi kutoka takriban shilingi 206,000 hadi 70,000 kwa mwezi. Wa Meru watakumbusha kwamba posho za madaktari wa kaunti yao zilifika hadi kwenye hoja ya kumng’atua gavana mwaka 2024. Huwezi kumnyima mtu mshahara, ukamwekea wagonjwa wa watu watatu, kisha ukamtaka aketi kitandani aeleze kwa utulivu.

Ninakubali kila neno la lalamiko hilo. Hata Azimio la Geneva, kiapo cha madaktari wa dunia kilichotungwa mwaka 1948, lilirekebishwa mwaka 2017 likaongeza mambo mawili kwa wakati mmoja: kwamba daktari ataheshimu uhuru na utu wa mgonjwa, na kwamba daktari atajali pia afya na ustawi wake mwenyewe. Waliolirekebisha walielewa kwamba mambo hayo mawili yanategemeana.

Mahakama zetu zimeliona hilo pia. Mwaka 2013 mama mmoja alijifungulia sakafuni katika hospitali ya umma ya Bungoma, kisha akapigwa na kutukanwa na wauguzi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ilimpa fidia ya shilingi milioni 2.5 na kuagiza aombwe radhi. Uamuzi huo haukuishia kwa wauguzi wale. Uliigusa serikali ya taifa na ya kaunti kwa kushindwa kuweka na kusimamia viwango vya huduma. Kwa hiyo mkurugenzi wa hospitali na waziri wa afya wa kaunti wanaposema “wahudumu wetu wana maadili mabovu”, wajue na wao wametajwa.

Ila hoja ya muda ina mpaka. Haihitaji dakika ya ziada kumwita mgonjwa kwa jina lake badala ya “ile hernia ya kitanda cha nne”. Haihitaji bajeti kufunga pazia. Na maelezo yanayochukua dakika tano leo yanaokoa saa nzima kesho, mgonjwa anapotoroka wodi kwa hofu, au anapoacha dawa kwa kuwa hakuambiwa zitamtapisha kwa wiki ya kwanza tu.

Wengine husema wagonjwa wenyewe hawataki kuulizwa. “Wewe ndiye daktari, fanya unavyojua,” mzee anasema, na kweli anamaanisha. Imani hiyo ni ya thamani kubwa, na ndiyo sababu haifai kuchezewa. Mzee ana haki ya kumkabidhi daktari uamuzi. Lakini anaweza kukabidhi tu kile alichoonyeshwa kwamba ni chake. Mweleze kwanza, kwa ufupi na kwa lugha yake, kisha akisema “fanya unavyojua”, hiyo ni idhini kamili.

Kuna pia wakati wa kutouliza. Tarehe 24 Julai 2022, basi lililotoka Meru lilitumbukia kwenye bonde la daraja la Nithi, na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha. Majeruhi waliofikishwa hospitalini wakiwa hawajitambui hawakuwa na kidole cha kuweka popote, na hawakuhitaji. Katiba, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya inaruhusu kutibu bila idhini pale kuchelewa kunaweza kuua au kuleta madhara yasiyorekebika. Kwa mtu anayevuja damu, mhudumu atende kwanza. Kwa goti lililouma miaka sita, hakuna dharura yoyote inayozuia maelezo ya dakika kumi.

Kinachowezekana kuanzia sasa

Kaunti za Meru na Embu ndizo zinazoendesha hospitali zake tangu ugatuzi wa mwaka 2013. Hazihitaji kungoja Nairobi kwa haya ninayoyapendekeza.

Kwanza, fomu za idhini ziandikwe kwa Kiswahili, Kimeru na Kiembu, na ziwe na mistari michache mitupu. Kwenye mistari hiyo yaandikwe maneno ya mgonjwa mwenyewe akieleza atakachofanyiwa. Muuguzi aulize, “Mama, kesho utafanyiwa nini?” na aandike jibu kama lilivyotoka kinywani. Kama mgonjwa hawezi kueleza, hajaelewa, na fomu isiende thieta. Wino na karatasi ni vilevile.

Pili, kila hospitali ya rufaa iwe na wakalimani waliofunzwa na kuapishwa kutunza siri. Tunao wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao serikali iliwazindua wapatao 100,000 nchini mnamo Septemba 2023 na kuwapa mikoba ya vifaa. Wanajua lugha, wanajua vijiji. Baadhi yao wafunzwe kazi hii na walipwe kwa ajili yake, ili mfagiaji aachiwe ufagio wake na mtoto aachiwe utoto wake.

Tatu, kambi za matibabu ya bure zisajiliwe na ofisi ya afya ya kaunti kabla ya kuanza, na upasuaji wowote usio wa dharura usifanywe katika safari ileile ya kwanza. Mgonjwa arudi nyumbani, ashauriane na watu wake, ndipo aamue. Baada ya upasuaji, afisa wa kaunti amtembelee na kumuuliza kama alielewa. Kambi za watu wa kweli hazitapungukiwa na lolote kwa sharti hilo, na za walaghai hazitaweza kulistahimili.

Nne, vyuo vyetu vya KMTC vya Meru na Embu, na Chuo Kikuu cha Methodist pale Meru, vipime ufundi wa kueleza kama vinavyopima ufundi wa kudunga sindano. Mwanafunzi asimame mbele ya mgonjwa asiyesoma, amweleze, na alama zitolewe kwa kile mgonjwa alichoelewa. Asiyeweza arudie mtihani, kama anavyorudia aliyekosa mshipa.

Na wewe msomaji, mwenye mama Runyenjes au baba Timau, una sehemu yako. Ukiandamana naye hospitalini, mfundishe maswali matatu, naye ayaulize kwa kinywa chake: Ninaugua nini? Mtanifanyia nini? Nisipofanyiwa itakuwaje? Daktari mzuri atayafurahia. Akikasirika, au akikwambia huna muda wa kuelezwa, na hakuna dharura, chukua faili la mzazi wako utafute maoni ya pili, kwa kuwa Mkataba wa Haki za Wagonjwa unakuruhusu. Ukiona hila, peleka malalamiko kwa baraza linalosimamia madaktari au la wauguzi, kwa maandishi, ukibaki na nakala.

Wazee wale wa 2023 hawakuhitaji kusoma chuo kikuu ili kuponyoka mtego. Walihitaji mtu mmoja aliyevaa koti jeupe, mmoja tu katika msururu mzima wa waliowapokea, waliowaandikisha, waliowapima na waliowalaza, awaulize kama wanajua wanakokwenda, kisha akatae kuendelea walipojibu hapana. Huyo ndiye mhudumu ambaye Meru na Embu zinapaswa kumfunza, kumlipa na kumlinda anapokataa.